Uzio wa Mjane Orcutt

Ngoma ya mji ililia asubuhi ambayo haikuwa ya kulia ngoma.

Mehitabel Thurlow alikuwa amekaa kizingitini kwao, pipa la kusukia maziwa katikati ya magoti, siagi ndiyo kwanza inaanza kushikana. Alipoisikia, mkono wake ulisimama. Siku ya Sabato ngoma ile iliita watu ibadani. Siku nyingine ililia kwa ajili ya moto au maafa tu, na angani hakukuwa na moshi. Basi akajua kabla ya kuambiwa.

Ule mti! Nani aliurudisha ule mti?

"Hitty!" Mama yake, Avis, alitoka ndani mbio, unga mpaka kwenye viwiko. "Ngoma ya nini saa hizi?"

"Sijui, Mama."

Uongo huo, na jua bado halijavuka vilele vya miti.

Bi Pell, jirani yao, alipita akikimbia, kofia yake ya kitambaa imening'inia mgongoni kwa kamba. Hakusimama. "Nguruwe!" alipiga kelele. "Nguruwe wameingia shamba la mji! Wamekula usiku kucha! Mahindi ya upande wa mtoni yote yamelala chini!"

Avis alishika mwimo wa mlango. "Ee Mungu wangu. Siyo tena. Siyo baridi nyingine kama ile."

Hitty aliinama, hakuthubutu kumtazama mama yake usoni. Alijua Avis anamwona nani. Wakati mume wa Avis, Josias Thurlow, na wenzake walipokuja Marlfield kuanzisha mji kando ya Mto Connecticut, wakisukuma ng'ombe porini, Hitty alikuwa mtoto wa kubebwa na kaka yake Jotham alikuwa mvulana wa kutembea mwenyewe. Baridi ya kwanza chakula kiliisha. Jotham alikufa akiomba mkate, na baba yake hakuwa nao. Tangu siku ile Josias hakuwa mtu wa kucheka, na kila jioni kabla ya kula alikwenda na nyundo yake ya mti kuugonga uzio, asikie kama kila mti umekaa.

Maana Marlfield mahindi yote yalikuwa shamba moja. Kila nyumba ilikuwa na ukanda wake humo ndani, na uzio mmoja ulizunguka wote, kila nyumba ikitunza kipande chake, herufi zake zimechomwa kwenye nguzo pale kinapoishia. Mtu angeweza kuwa na mdomo mchafu na ng'ombe wenye upele, wakamvumilia. Lakini uzio wake ukilegea, hakuna wa kumwonea haya, kwa sababu nguruwe akishaingia hachagui ukanda wa nani.

Josias alitokea nyuma ya nyumba, nyundo mkononi, uso umekauka.

"Wameingilia wapi, Bwana Thurlow?" Avis alimwuliza.

"Ndiyo naenda kuona. Hitty, acha hiyo siagi. Chukua fimbo, tukawatoe."

Hitty alisimama, akachukua fimbo. Hakuhitaji kwenda kuona. Jana alasiri alikwenda kuchuma zabibu mwitu, au ndivyo alivyoaga. Alikwenda mpaka pale kichaka kinapoufunika uzio, kwenye kipande cha Mjane Orcutt kinachopakana na cha baba yake, na Elnathan alikuwa anamngoja.

Ah, Elnathan Sayre! Fundi mapipa, mabega mapana, nywele zinazokataa kulala. Alikuja na mtumbwi wakati wa masika akitafuta mji unaohitaji mapipa, na kila nyumba ilihitaji. Alilala kwa mhunzi kwa ruhusa, akingoja wenye mji wakutane wamkubali au wamwambie aende zake. Hakuwa na kiwanja wala ndugu, na Josias alishatamka mezani, bila kuulizwa, kwamba binti yake haolewi na mtu anayeweza kubeba mali yake yote begani. Tena palikuwa na sheria: kijana asiseme maneno ya mapenzi na binti wa mtu kabla ya kupata ruhusa ya baba, na akisema, achapwe kwenye nguzo mbele ya watu. Josias mwenyewe aliinyooshea mkono sheria hiyo ilipopitishwa.

Mapenzi nayo hayakungoja mkutano. Kila walipokutana, Elnathan alichomoa mti mmoja wa uzio ili gauni la Hitty lisichanike, naye akapita. Wakiagana, anayebaki nyuma ndiye anayeurudisha. Jana walisikia mtu akikohoa karibu, wakakurupuka, huyu huku na yule kule. Nani alibaki nyuma? Usiku mzima Hitty alijigeuza kitandani akijiuliza, na mara kumi alijiambia ni yeye, ameurudisha, anakumbuka uzito wake mikononi. Sasa ngoma ilikuwa inamjibu.

*

Mahindi yalikuwa yamelala kama yaliyofyekwa. Nguruwe walikuwa wa watu wa mji wenyewe, wanono, walioachiwa msituni wale mbegu za mialoni, na sasa walipigwa mafimbo na kuvutwa masikio, wakilia kwa sauti kubwa kuliko ya ngoma. Wanawake waliokota vibunzi vilivyobaki wakivitia kwenye vikapu walivyonunua kwa wenyeji wa asili wa kando ya mto.

Pale kwenye kichaka, Luteni Gershom Pell, aliyekuwa mkubwa wa wenye mji, alikuwa amechuchumaa mbele ya pengo. Mti ulilala majanini. Aliifuta nguzo tope kwa kidole akasoma herufi.

"Orcutt," alisema.

Josias alitazama nguzo ya pili, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Changu kinaanzia hapa. Changu ni kizima."

"Na hapa pana nyayo," Pell alisema. "Kiatu kidogo, cha mwanamke. Bi Orcutt! Njoo hapa!"

Tabitha Orcutt alikuja, mtoto mdogo kiunoni, wengine wawili wameshika gauni. Mumewe alifariki wakati theluji inayeyuka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya pili.

"Niliugonga," alisema kabla ya kuulizwa. "Jana mchana nimeugonga mti mmoja mmoja, kwa nyundo ya marehemu. Ulikuwa umekaa!"

"Sasa umejichomoa wenyewe?" mtu mmoja alidakia, na wawili watatu wakacheka kicheko kibaya.

"Mimi sijui ulivyotoka. Najua ulikuwa umekaa."

"Mama Orcutt," Pell alisema, kwa upole uliotisha kuliko ukali. "Hatukulaumu kwa kufiwa. Lakini kipande cha uzio kinataka mwanamume. Na watoto wanataka kula, na mji sasa hauna cha kutosha. Leo ni siku ya mahubiri ya katikati ya wiki; yakiisha mchana tutakaa. Tutaona watoto hawa wakalelewe nyumba gani."

Tabitha hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alimshika yule mdogo kwa nguvu mpaka akalia. "Wakalelewe? Wana mama hawa! Josias, wewe ulimzika mume wangu, mwambie!"

Josias alitazama chini. "Uzio ni uzio, Tabitha," alisema.

Hitty alisimama hatua chache tu kutoka pale, fimbo mkononi. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Ng'ambo ya mahindi yaliyolala alimwona Elnathan, amebeba mzigo wa mabua, amesimama wima anamtazama. Macho yao yalikutana, na kwa mara ya kwanza tangu amjue Hitty aliyakimbia macho yale.

*

Hitty alimkuta kwenye chemchemi. Au tuseme Elnathan ndiye aliyemkuta, kwa sababu alikuja na pipa jipya begani kama anayekwenda kulilowesha, akalitua majini, akasimama upande wa pili. Mchana kweupe, mtu yeyote angeweza kutokea njiani.

"Uliurudisha?" Hitty alinong'ona.

"Nilidhani umeurudisha wewe."

"Mimi nilikimbia kwanza!"

"Nilipogeuka bado nilikuona pale, Hitty. Nikasema, ameushika."

"Nilikuwa nanasua gauni." Machozi yakamjaa. "Wala sikuushika. Mungu wangu, sikuushika."

Elnathan alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Basi nakwenda kusema," alisema.

"Kusema nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Una wazimu wewe? Watakufunga kwenye nguzo wakuchane mgongo, halafu wakuvushe mto usirudi. El, wiki ijayo tu wanakaa kwa ajili yako! Wiki ijayo uwe mtu wa mji, uende kwa Baba kama mtu. Umengoja kiangazi kizima. Usiharibu sasa, nakuomba."

"Na Bi Orcutt?"

Hitty alilikwepa jicho lake. Na hofu, ikishamkamata mtu kooni, humsemesha maneno ambayo akiyasikia kwa mwingine angeyatemea mate. "Watoto watapata nyumba nzuri," alisema. "Kwa akina Pell kuna chakula. Watakuwa hapa hapa mjini, mama yao atakuwa anawaona kanisani. Si kama wanakufa."

Elnathan aliacha kuizungusha kofia. "Hebu rudia."

"El..."

"Na mimi niligawiwa nyumba nzuri, Hitty. Baba alikufa, wakaja wazee wapole hivi hivi, wakaniambia ni nyumba nzuri, kuna chakula. Kweli chakula kilikuwepo. Mama nilimwona mara moja tena, ng'ambo ya barabara, akanipungia mkono kwa sababu aliogopa kuvuka." Aliitazama kofia mikononi. "Sikukwambia kwa sababu nilitaka unipende bila kunihurumia."

"Naogopa," Hitty alisema, akilia sasa. "Naogopa mpaka sijui ninachosema. Nisamehe."

"Hata mimi naogopa. Mgongo wenyewe ni wangu."

"Ukisema sitakuona tena!"

"Nikinyamaza utaniona kila siku, pamoja na wale watoto. Utaweza kunitazama?"

Hitty alitaka kusema ndiyo. Alikuwa tayari kusema ndiyo kwa lolote, ilimradi asiondoke. Lakini mdomo uligoma.

"Jina lako halitatoka kinywani mwangu," Elnathan alisema. Alivaa kofia. Siku nyingine zote hakuondoka bila kumgusa japo ncha za vidole. Siku hiyo aliondoka hivyo hivyo, pipa akaliacha linaelea.

*

Nyumba ya mkutano ya Marlfield ilikuwa ya mbao mbichi, na nje mlangoni vilipigiliwa misumari vichwa vya mbwa mwitu waliouawa mwaka ule. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao. Mwanamke hakusimama kusema humo ndani isipokuwa ameitwa. Hitty alikaa kando ya mama yake, mikono ameifungia kwenye aproni.

"Una homa?" Avis alimnong'oneza.

"Hapana."

"Uso wako kama karatasi."

Mahubiri yalikwisha. Pell alisimama akaeleza, na hakutumia maneno mengi. Nguzo ni ya Orcutt, kiatu ni cha mwanamke, mti ulikuwa chini. Watoto wagawiwe nyumba zenye chakula. "Anayekubali anyooshe mkono."

Mikono ilianza kupanda mmoja mmoja, taratibu. Hitty alimtazama baba yake mbele kule. Josias alikaa kidogo, kisha mkono wake mkubwa uliokakamaa ukaanza kuinuka, na upande wa wanawake Tabitha Orcutt akatoa sauti ndogo ambayo haikuwa kilio wala neno.

"Mti niliutoa mimi."

Watu wote waligeuka. Elnathan alikuwa amesimama benchi la mwisho, kofia kifuani.

"Wewe?" Pell alisema. "Kwa sababu gani?"

"Nilitaka kupita. Nikasahau kuurudisha."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Elnathan aliikaza kofia kifuani.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako." Pell aliteremka polepole kutoka mbele. "Kijana, nyayo nimeziona kwa macho yangu. Kiatu cha mwanamke, kwenye uzio wa mjane, nyuma ya kichaka." Alimgeukia Tabitha, na sasa hakuwa mpole tena. "Kumbe ndiyo hivyo? Mumeo hajaoza kaburini, Tabitha Orcutt?"

Nyumba nzima ilivuma. Wanawake waliomzunguka Tabitha walisogea, kila mmoja akavuta gauni lake kama anayekwepa tope. Tabitha aliinuka, mdomo wazi, akimtazama Elnathan kwa chuki na mshangao. "Mwongo!" alisema. "Mimi huyu simjui! Alinitengenezea pipa tu! Wanangu wananisikia!"

"Siyo yeye!" Elnathan alipiga kelele. "Naapa siyo yeye!"

"Basi ni nani?"

Elnathan alifumba macho. Hitty akajua hatasema. Hata wakimchapa hatasema, na kila pigo litamwangukia Tabitha pamoja naye. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyoinuka. Alikumbuka tu mkono wa mama yake ukimshika aproni kumrudisha chini, na aproni ikifunguka na kubaki mkononi mwa mama yake.

"Nyayo ni zangu."

Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Ikabidi aseme tena.

"Nyayo ni zangu. Bi Orcutt aliugonga mti wake, na ulikuwa umekaa. Tuliuchomoa sisi. Tulikimbia kwa sababu tulisikia mtu, na kila mmoja akadhani mwenzake ameurudisha."

Josias Thurlow aligeuka kwenye benchi lake, mkono bado uko nusu hewani, amesahau kuushusha.

"Tangu lini?" aliuliza. Aliuliza kama wako wawili tu nyumbani.

"Tangu maboga yalipotoa maua, Baba."

"Kiangazi kizima. Nikiwa naugonga uzio upande huu, na wewe uko upande ule."

"Ndiyo, Baba."

Alimwogopa maisha yake yote, lakini hakuwahi kumwona akizeeka. Siku hiyo alimwona.

Pell alikuwa ameshapata njia yake. Kijana achapwe, kisha avushwe mto kabla ya jua kuzama. Binti akiri mbele ya kanisa siku ya Sabato. Mahindi ya Orcutt yalipwe kutoka ghala la Thurlow. Alisema hayo bila kupumzika, na askari wa mji alishaanza kusogea benchi la mwisho, na Hitty alimwona Elnathan akivua koti mwenyewe, akilikunja vizuri, kama anayekwenda kazini.

"Ngojeni kwanza!"

Ilikuwa ile sauti ya kuita ng'ombe. Tabitha hakuwa ameketi.

"Hukuitwa, Bi Orcutt," Pell alisema.

"Sikuitwa? Niliitwa mzembe asubuhi, na sasa hivi nimeitwa malaya, yote mawili mbele ya wanangu. Nimeshaitwa vya kutosha!" Mtu alicheka, akajizuia. "Mnamvusha mto aende wapi? Akauchomoe uzio wa watu wengine? Kipande changu kinataka mwanamume, Luteni, umesema wewe. Basi huyo hapo, ana mikono, na ana deni la jina langu. Atunze uzio wangu mpaka mwanangu mkubwa aweze kubeba nyundo. Mkimchana mgongo atabebaje miti? Na Bwana Thurlow atulishe baridi hii. Mimi nimeliwa mahindi yote, na hicho ndicho ninachotaka."

Pell aliwatazama wenzake. Walinong'onezana. "Mtu asiye na nyumba hakai Marlfield," alisema mwishowe, "mpaka mwenye nyumba asimame amjibie. Huyu akikosa, amekosa mwenye nyumba. Nani atamjibia Elnathan Sayre?"

Hakuna aliyesimama. Mhunzi, ambaye alikula naye meza moja tangu masika, alikuwa anaangalia viatu vyake. Hitty aliwatazama mmoja mmoja wanaume wote aliowajua tangu utotoni, na mmoja mmoja waligeuza nyuso. Askari alimshika Elnathan mkono.

Benchi la mbele lililia. Josias alikuwa amesimama.

"Nitamjibia mimi."

"Josias!" Pell alishtuka. "Huyu aliyekuvunjia heshima..."

"Najua alichofanya. Mkono wangu ulikuwa juu, Gershom. Nilikuwa nawagawa watoto wa mwenzangu kwa kosa lililotoka nyumbani kwangu." Aliutazama ule mkono kama si wake. "Mimi nimeshapoteza mtoto, nikajua uchungu wake, na bado niliuinua."

Aligeuka akamkabili Elnathan, na kama Hitty alikuwa ameanza kupumua, aliacha.

"Wewe nisikilize. Sijakusamehe. Mpaka mahindi ya mwaka ujao yavunwe, hutasema neno na binti yangu, wala yeye na wewe. Sio njiani, sio kanisani, sio kwa kutumiana watu. Neno moja tu, nitakufunga kwenye nguzo kwa mikono yangu mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bwana Thurlow," Elnathan alisema. "Na yakishavunwa?"

"Utakuja mlangoni kwangu mchana, uulize kama watu wanavyouliza. Nami nitakujibu nitakavyokujibu."

Hakusema atajibu nini. Hitty alitafuta usoni mwake, hakupata kitu.

*

Jioni ile hakuna aliyekula vizuri nyumbani kwa akina Thurlow. Avis aliweka uji wa mahindi na maharage mezani, akapima kidogo kwa kila bakuli, maana sasa walikuwa na midomo ya akina Orcutt ya kulisha pia. Hakumgombeza binti yake. Alimfunga aproni upya kiunoni, akakaza fundo, mikono yake ikakaa pale kitambo kidogo.

"Ulinitoka mkononi," alisema.

"Samahani, Mama."

"Sikusema ni vibaya. Nenda kalete boga, giza halijaingia."

Hitty alitoka bustanini. Aliwaza majira yote yaliyo mbele yake, theluji, masika, kupanda, kupalilia, akaogopa kuliko alivyoogopa mchana. Neno moja tu. Na yeye alimjua El, alijua nywele zile na macho yale, alijua ulimi wake mwenyewe ulivyo mwepesi. Na pale chemchemini alimwomba msamaha, na hakujibiwa. Labda hatajibiwa tena. Labda mtu anayelikunja koti lake vile, tayari kuchapwa, hawezi kumpenda msichana aliyesema yale maneno.

Ndipo aliposikia nyundo.

Ko. Ilitoka upande wa mtoni. Ko. Mtu alikuwa anaugonga uzio wa Orcutt, mti mmoja mmoja, bila haraka, akija huku. Hitty aliliacha boga, akaufuata uzio. Alisimama pale kipande cha baba yake kinapoishia, na nyuma ya kichaka akamwona, na nyundo ya marehemu Orcutt mkononi. Mtoto mmoja wa Tabitha alikuwa amelala begani mwake.

Elnathan alimwona. Alisimama.

Kati yao palikuwa na ule mti, sasa umerudishwa. Hitty alikaza midomo mpaka ikauma. Aliuweka mkono wake juu ya mti, upande wake, akausukuma aonyeshe kwamba umekaa. Alimtazama, na machoni mwake alitia ombi lote lile ambalo hakuruhusiwa kulisema.

Elnathan aliuangalia mkono ule muda mrefu. Kisha akainua nyundo akaugonga mti, polepole kabisa, karibu na vidole vya Hitty, mpaka Hitty akausikia ukitetemeka viganjani. Akagonga tena. Ulikuwa umekaa tangu mara ya kwanza, kila mtu angeweza kusikia. Akagonga mara ya tatu, akitabasamu kidogo, huku machozi yanamtoka.

Ndani, Josias aliacha kijiko.

"Huo mti umekaa," alisema. "Anaugonga wa nini tena?"

Avis hakuinua macho kwenye bakuli. "Acha agonge, Bwana Thurlow. Ulikataza maneno, hukukataza nyundo."

Josias alirudi kwenye kijiko chake. Nje, mti uligongwa tena.